Jasho la Tangi

Tangi lilipopasuka, mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa Charo, fundi wa kuchomelea, kwa sababu ndiye peke yake ambaye hakuwapo.

Lilikuwa tangi la amonia, ile gesi ya kugandishia barafu, la kiwanda cha barafu cha Bwana Najmuddin, katika uchochoro wa Mji wa Kale unaoteremka kuelekea soko la samaki. Mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na kutu, Charo akakata na kuchomelea mwingine. Sheria inataka kwamba tangi lolote la shinikizo likiguswa na moto wa fundi, lijazwe maji kwanza na kusukumwa kwa presha iliyozidi ile ya kazi, ili kama lina ila, ila hiyo ionekane kwa maji na si kwa gesi ya kuua watu. Aliyetumwa na ofisi ya ukaguzi kusimamia jaribio hilo alikuwa Mhandisi Mejumaa Kiti. Aliyelijaza tangi maji alikuwa baba yake, Mzee Kiti Dzoro, msimamizi wa mitambo kiwandani hapo. Hapakuwa na aliyeona ubaya baba na binti kukutana kazini namna hiyo. Wengi waliona fahari, na mzee mwenyewe aliiona kuliko wote.

Mejumaa alilikuta tangi limelowa kwa nje, matone yamelienea kuanzia juu hadi miguuni. Alidhani ni maji yaliyomwagika wakati wa kujaza. Alichukua kitambaa, akapangusa mahali pa mshono mpya ili auone vizuri, akaridhika nao, akafunga geji ya kupimia presha. Mawazo yake hayakuwa yote pale. Asubuhi hiyo alikuwa amepigiwa simu kutoka Nairobi kwamba jina lake limo katika orodha ya wahandisi watakaotayarishwa kwa ajili ya kinu cha nyuklia kinachosemwa kitajengwa pwani. Na baba yake alikuwa ameshawaeleza habari hiyo vibarua wote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayegawa sadaka.

Walisukuma pampu ya mkono. Mshale wa geji ulipanda polepole. Kabla haujafika ulipotakiwa kufika, kilisikika kishindo kimoja kikavu, si cha kitu kinachoraruka bali cha sahani kubwa iangukayo sakafuni. Ufa ulikuwa umekwenda kutoka kwenye mguu mpya hadi mgongoni mwa tangi kwa mara moja, na maji yakawafunika watu miguu.

Bwana Najmuddin alitokea mlangoni mwa ofisi yake huku ameipandisha suruali.

“Subhanallah! Nani kafa?”

“Hapana aliyekufa, Bwana,” akajibu Mzee Kiti.

“Basi nani kaharibu?”

Kibarua mmoja akaonyesha kwa kidole pale ufa ulipoanzia, kwenye mshono.

“Charo,” akasema Najmuddin. “Nilijua. Fundi anayekubali bei ya kwanza unayomtajia, kazi yake ndiyo hiyo.”

Mejumaa alichutama, akaweka kiganja kitupu juu ya midomo ya ufa. Chuma hakikuwa kimevutika wala kukonda, kama kivutikavyo chuma kinachopasuka kwa kulemewa. Kilikuwa kimekatika moja kwa moja, na mle kilimokatika kiling’aa chembechembe kama sukari. Tena kilikuwa baridi. Katika mwezi wa Machi, Mombasa, chuma kilikuwa baridi hata akauondoa mkono. Aliyatazama tena yale matone upande wa pili wa tangi na sasa akayajua kuwa ni nini: ni jasho, lile litokalo kwenye gilasi ya maji ya friji ikiwekwa mezani.

Aliinua macho kumtafuta baba yake. Mzee Kiti alikuwa akikamua kofia yake.

“Baba, maji haya yametoka wapi?”

“Ni maji matamu,” akasema mzee bila kumtazama. “Si ulitaka maji matamu?”

* * *

Mzee Kiti na jamaa zake waliishi katika vyumba viwili juu ya ghala la kiwanda, nyumba ambayo alipewa pamoja na kazi na ambayo angeirudisha pamoja na kazi. Naomi, mkewe, aliporudi kutoka Kizingo alikokuwa mpishi katika nyumba ya watu, aliwakuta wamekaa baba na binti, chai imepoa mbele yao, na hapana aliyemwambia karibu.

“Kuna nini? Mbona mmekaa kama mnaongoja maiti?”

“Muulize mhandisi wako,” akasema mzee.

“Mimi nimeuliza watu wawili.”

Basi wakamweleza, kila mmoja kipande chake. Mifereji ilikuwa mikavu wiki nzima. Maji ya kisima yana chumvi, na Mejumaa alikuwa ameandika katika agizo lake kwamba maji ya kisima yasitiwe tangini, yatakula chuma. Maji ya lori ni ghali. Na kwa kuwa mitambo ilikuwa imezimwa kungojea ukaguzi, barafu yote iliyobaki ghalani ilikuwa ikiyeyuka na kuchuruzika mtaroni.

“Maji tuliyoyanunua kwa pesa!” akasema Mzee Kiti. “Matamu, masafi, yanapotea mbele ya macho yangu. Niyaache? Nikayakinga, nikayapiga pampu yakaingia. Nilitaka kukwambia baada ya jaribio, ufurahi.”

“Yalikuwa bado na vipande vya barafu ndani, baba?”

“Vidogo.”

Mejumaa alifunga macho kidogo. “Mama, chuma kile ni cha zamani. Katika joto letu hili kina uvumilivu, ukikilemea kinapinda kwanza. Kikipoa, uvumilivu ule unakitoka. Hakipindi, kinakatika kama kigae. Na kupoa kwenyewe si lazima kuwe kwa barafu ya milimani. Kwa chuma cha namna ile, ubaridi wa maji ya friji watosha.”

“Na wewe ulijua?”

“Mimi nilisomea hilo na si jingine. Miaka niliyokaa Korea ilikuwa ya hilo. Mtungi wa kinu cha nyuklia ukipigwa na mionzi miaka mingi, chuma chake kinakuwa hivyo hivyo, kinapoteza uvumilivu hata pasipo baridi kali. Siku ya hatari, maji baridi yakimiminwa ndani kwa ghafla na presha bado iko juu, ndiyo siku wanayoiogopa kuliko zote. Kwa hiyo wanatundika ndani ya mtungi vipande vya chuma kile kile, na kila baada ya muda wanatoa kimoja, wanakipoza, wanakipiga nyundo, waone kama kitapinda au kitakatika. Nimevipiga vipande hivyo mpaka bega likaniuma. Halafu nikaja Mombasa, nikaandika agizo la jaribio, nikataja presha, nikataja muda, nikataja chumvi. Joto la maji sikulitaja. Nani Mombasa ataandika kwamba maji yasiwe baridi?”

Chini, mtu alikuwa akifagia maji kuelekea mtaroni.

“Basi nyamaza,” akasema Mzee Kiti. Alisema kwa sauti ya chini, naye hakuwa mtu wa sauti ya chini. “Ufa uko kwenye mshono wa Charo. Watu wameuona kwa macho yao. Andika ulichokiona.”

“Ufa lazima uanzie pahali, baba. Huanzia penye kona, penye mkwaruzo, popote chuma kinapobanwa zaidi. Mshono wake ulikuwa sawa. Niliukagua.”

“Charo ni kijana, ana mikono miwili, atapata kazi kwengine. Mimi mwakani nastaafu. Nataka nishuke ngazi hii kwa heshima yangu. Na wewe jina lako limefika Nairobi.”

“Na jina la Charo,” akauliza Naomi, “hilo limefika wapi?”

Mzee Kiti alikuwa mtu aliyemlea bintiye kwa kauli moja, kwamba aseme kweli na asimame wima, na amewahi kumrudisha shuleni kwa miguu ili akarudishe kalamu isiyokuwa yake. Aliinuka, akachukua bakora yake, akaenda kunywa kahawa. Kila mtu barazani alimuuliza habari za tangi. Huko ndiko alikosema neno ambalo baadaye lilimgharimu.

* * *

Siku ya pili Mejumaa alipofika kiwandani alimkuta Charo nje ya lango, akizungumza na Bwana Najmuddin kupitia kijidirisha kilichokatwa katika ubao.

“Mashine yangu tu, Bwana. Nina kazi ya watu ya mageti.”

“Mashine itakaa hapa mpaka ripoti itoke.”

“Nitafanyaje kazi?”

“Kwani sasa ulikuwa wafanya kazi?” akasema Najmuddin, na kijidirisha kikafungwa.

Charo aligeuka, akamwona Mejumaa, akatabasamu tabasamu la mtu aliyekutwa akifanyiwa jambo la aibu. Alikuwa kijana mrefu, nyusi zake zimeungua kwa cheche.

“Shikamoo, Mhandisi.”

“Usiniamkie hivyo, Charo, tu rika moja.”

“Ripoti itatoka lini?”

“Bado naiandika. Umeshindaje?”

“Nimeshinda nikiitwa Fundi Gundi.” Aliitazama mikono yake. “Jana baba yako alisema mbele ya baraza zima kwamba mafundi wa siku hizi twachomelea kwa gundi. Watu wakacheka sana. Leo asubuhi mtoto wa jirani, hata meno hajamaliza kuota, ananiita, ‘Fundi Gundi, gundika mpira wangu.’ Yule mwenye mageti kaniambia ningoje kwanza.”

Mejumaa alilitazama lango lililofungwa.

“Mimi simlaumu mzee,” akaendelea Charo. “Wajua, nimeurudia ule mshono kichwani mwangu, kila nilipoanza na kila nilipokoma. Mwanzo nilikuwa nikisema si mimi. Sasa nimeanza kufikiri labda ni mimi.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomaliza ubishi uliokuwa moyoni mwa Mejumaa. Kumwona mtu akibebeshwa kosa ni jambo moja. Kumwona amelizoea begani mwake ni jambo jingine, na ni ovu zaidi. Aligonga lango.

“Ingia pamoja nami,” akamwambia. “Nataka unikatie chuma.”

* * *

Alimwomba Bwana Najmuddin uwanja wa nyuma na nusu saa ya subira, akakubaliwa nusu saa na kupewa subira kidogo. Charo, kwa mashine yake mwenyewe aliyoazimwa na aliyeizuia, alikata kipande cha tangi mbali na mshono wake, upande wa pili kabisa, mahali ambapo mkono wake haukuwahi kufika tangu tangi lizaliwe. Kwa msumeno wa chuma kikagawanywa vipande vyembamba kama vidole. Katika kila kimoja Mejumaa alichimba mfuo kwa tupa, akiupima kwa ukucha. Nusu ya vipande alivifukia ndani ya ndoo ya barafu. Nusu nyingine aliviweka juu ya bati, juani, ambako jua la Mombasa halikuhitaji kuombwa.

“Na hii ni nini, kupika?” akauliza Najmuddin. Alikuwa amekaa juu ya kreti, leso mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kiwanda kilichosimama na wateja wa samaki wanaompigia simu tangu alfajiri.

“Ni kumwuliza shahidi, Bwana. Nataka mtu mwenye nguvu apige nyundo.”

Vibarua walitazamana. Mzee Kiti, aliyekuwa amesimama kando ya mlango muda wote kama mtu apitaye tu, aliweka bakora yake ukutani.

“Nipe mimi,” akasema.

Mejumaa alimtazama. Alitaka kusema hapana, ili baba asione kwamba ametegwa. Lakini mzee alikuwa ameshaishika nyundo.

Mejumaa alikaza jiliwani, kwenye kibanio cha mezani, kipande cha juani, mfuo ukiwa sawa na meno ya jiliwa. Mzee Kiti akapiga. Chuma kikainama. Akapiga tena, kikalala kabisa, mfuo ukafunguka kama mdomo, lakini hakikukatika.

Kisha Mejumaa alitoa kipande cha barafuni kwa koleo, akakikaza upesi. Mzee alipiga pigo moja, wala si la nguvu zote. Mlio ule ule mkavu wa jana ukasikika, mdogo tu, na kipande kikaruka kikagonga ukuta na kuangukia miguuni mwa Bwana Najmuddin. Alikiokota. Palipokatika paling’aa kama sukari. Akainuka, akaenda nacho mpaka kwenye ufa wa tangi, akakiweka kando yake, akaangalia kimoja, akaangalia kingine.

“Ni kimoja,” akasema.

“Ni kimoja,” akasema Mejumaa. “Si mshono uliolipasua tangi. Ni ubaridi.”

“Ubaridi? Tangi hili hukaa upande wa moto wa mtambo. Ubaridi umelifikia vipi?” Uso wake ulibadilika kabla hajamaliza. Mfanyabiashara wa barafu hahitaji kuelezwa mara mbili. “Nani kanitilia maji ya barafu ndani ya tangi langu?”

Mejumaa alifungua kinywa.

“Ngoja,” akasema baba yake. Aliilaza nyundo chini taratibu, kama kitu kiwezacho kuvunjika. “Ni mimi, Bwana. Barafu ilikuwa ikiyeyuka bure. Niliyaonea uchungu maji. Na nilipojua kosa langu, nilimtaka huyu aninyamazie, nikamsingizia Charo.”

“Na agizo lilikuwa langu,” akasema Mejumaa. “Sikuandika joto la maji. Na siku ya jaribio nililiona tangi likitoka jasho, nikalipangusa kwa kitambaa, nisiliguse kwa kiganja. Hilo nalo nitaliandika.”

Bwana Najmuddin alikaa tena juu ya kreti. Kwa muda alionekana mzee kuliko Mzee Kiti.

“Miaka yote hii nawaambia watu, mtu wangu wa kubana matumizi ni Kiti,” akasema. Akamgeukia Mejumaa. “Niambie jambo moja. Lingejazwa maji ya mfereji, tangi hili lingepasuka?”

“Katika joto la hapa, kwa presha ile, nadhani lisingepasuka.”

“Kwa hiyo mmeniharibia tangi zima.”

Mejumaa angeweza kumwambia kwamba chuma cha namna ile kilifaa kupimwa mapema, na kwamba siku moja kingemgeuka. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini si hayo aliyoulizwa.

“Ndiyo, Bwana.”

Najmuddin alitikisa kichwa. “Mpe Charo mashine yake,” akamwambia kibarua. “Na wewe, Kiti, mwisho wa mwezi. Kazi na vyumba. Siwezi kufanya vingine, wenye bima watauliza.”

Charo aliibeba mashine yake begani akatoka. Hakumshukuru mtu, wala hapakuwa na mwenye haki ya kumdai shukrani.

* * *

Ripoti ilikwenda ofisini kama ilivyokuwa. Simu ya Nairobi haikukawia. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya adabu. Ilisema kwamba jina la Mhandisi Mejumaa litawekwa kando kwanza, mpaka uchunguzi wa tangi umalizike, na ikaongeza, ikiteremka kidogo, kwamba si lazima kila kitu kiandikwe. Mejumaa alijibu kwamba ameelewa. Kisha akamsaidia mama yake kufunga vyombo ndani ya magazeti, kwa kuwa chumba walichokipata Likoni kilikuwa kimoja, na ilibidi kuchagua nini kitavuka feri na nini kitagawiwa majirani.

Wakiwa katika hali hiyo Charo alibisha hodi. Naomi alimvutia kigoda. Hakukaa.

“Mzee Kiti, nimekuja kwa neno moja. Ulisema kweli kiwandani, nimesikia kwa masikio yangu. Lakini kiwandani tulikuwa watu kiganja kimoja. Barazani walikuwa wengi.”

Mzee Kiti alikuwa akiikunja kanzu aliyopewa na marehemu baba wa Najmuddin sikukuu moja ya zamani. Aliendelea kuikunja.

“Nimepoteza kazi,” akasema. “Nimepoteza nyumba. Binti yangu kapoteza zaidi. Wataka nini tena, Charo?”

“Pale pale uliposema.”

Naomi na Mejumaa walisimama na vikombe mikononi. Mzee aliiweka kanzu juu ya sanduku, akaipigapiga isijikunje, akachukua bakora.

Ilikuwa baada ya alasiri, saa ambayo baraza hujaa. Muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe, na wazee wa mtaa walikuwa wamejipanga juu ya benchi na juu ya vibaraza vya nyumba. Charo alitangulia, akakaa mwisho wa benchi.

“Mzee Kiti!” mmoja akaita. “Karibu, bwana. Huyu hapa Fundi Gundi wako amekuja kujibandika.”

Wakacheka. Mzee Kiti hakukaa. Aliwaamkia wote, upande huu na upande huu, kama inavyopasa, wakamwitikia. Kisha akavua kofia, jambo ambalo hapana aliyewahi kumwona akilifanya mtaani, na kicheko kikafa chenyewe.

“Nilisema hapa kwamba Charo anachomelea kwa gundi,” akasema. “Nilisema uongo, na nilijua kuwa ni uongo. Mshono wake ulikuwa mzima. Tangi nililipasua mimi kwa maji ya barafu. Anayetaka kujua zaidi aniulize mimi, asimuulize yeye. Ndilo nililokuja kusema.”

Kisha mzee mmoja, aliyekuwa na desturi ya kutoacha jambo lipite bure, akasema, “Basi sasa wewe tukuiteje? Mzee Barafu?”

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Mzee Kiti alisimama akakisikiliza chote, kofia mkononi, mpaka kikaisha. Alijua kwamba jina hilo lingemfuata hadi ng’ambo ya feri, na kwamba watoto wangelijua kabla ya Ijumaa.

“Niiteni,” akasema.

Muuza kahawa akamimina kikombe, akakinyoosha, lakini hapakuwa na pa kukaa. Charo hakuwa amecheka. Alitazama mbele, upande wa njia, na bila kugeuza uso alijisogeza kwenye benchi. Si sana, kiasi cha mtu mwembamba kuweza kukaa. Mzee Kiti, ambaye hakuwa mwembamba, akapokea kikombe, akakaa nusu.